Presha 168 dukani, 149 zahanati: ipi ni yako?

Mama mdogo wangu anakaa Mbagala, na mwezi uliopita alipima presha mara mbili ndani ya siku moja. Saa tatu asubuhi alipita dukani kwetu Tandika. Ndiyo kwanza ameshuka kwenye daladala, kikapu hakijatua chini, kijana wangu wa kaunta akamfunga mkanda akiwa wima, mkono unaning'inia. Mashine ikasoma 168 kwa 98. Saa saba mchana yuko zahanati, kakaa kwenye benchi mpaka kasinzia akisubiri kuitwa. Nesi akampima mkono ukiwa juu ya meza: 149 kwa 88. Jioni akanipigia simu, majibu ameshayatafsiri mwenyewe: "Mwanangu, kumbe ninazo zote mbili, ya kupanda na ya kushuka."

Nauza dawa mwaka wa kumi na kitu sasa, na maneno hayo nayasikia karibu kila wiki. Mtaani presha ni magonjwa mawili, na ile ya kushuka imebebeshwa kila kitu: njaa, kizunguzungu, uchovu, hata msiba wa jana. Ugonjwa unaowafanya watu wamezeshwe vidonge miaka nenda rudi ni mmoja tu, ule wa presha kukaa juu muda wote. Ya kila mtu hupanda akikimbilia gari na hushuka akilala, wewe na mimi tukiwemo. Kupata namba mbili kwa siku moja hakumaanishi una maradhi mawili.

Hata hivyo, tofauti ya 19 si ndogo. Nyingine ni ya mwili wake, maana mtu aliyetoka kugombea siti si sawa na aliyesinzia kwenye benchi. Nyingine ilikuwa yetu. Tulimpima vibaya, na siku hizi kuna tafiti zinazoonyesha kosa kama letu linaongeza namba kwa kiasi gani.

Huko Baltimore, Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichukua watu wazima 133 wakawapima kila mmoja kwa mikao mitatu: mkono juu ya meza usawa wa moyo, mkono juu ya paja, na mkono unaoning'inia ubavuni. Majibu yalichapishwa Oktoba 2024. Ukilinganisha na mkono wa mezani, mkono wa pajani uliongeza namba ya juu kwa 3.9 kwa wastani, na ule wa kuning'inia ukaiongeza kwa 6.5. Namba ya chini nayo ilipanda kwa 4 na kidogo. Watu ni walewale, siku ileile, mashine ileile.

Anayekaa nyumba yenye tangi la maji juu ya mnara hahitaji kuelezwa sana. Bomba la uani linatoka kwa nguvu kuliko bomba la bafu la juu, kwa sababu maji yaliyo juu yake yanalisukuma. Damu nayo ina uzito wake. Kila sentimita 10 unazoushusha mkono chini ya usawa wa moyo zinaongeza takriban 7 hadi 8 kwenye namba, na moyo hauna habari. Sasa angalia mahali mkono wako huwa unawekwa ukipimwa. Kwenye meza za vijana wa mashine pale stendi mara nyingi ni pajani, au umeshikwa hewani na mpimaji mwenyewe.

Mkanda una mambo makubwa zaidi. Chuo hichohicho kilichapisha mwaka 2023 utafiti wa watu 195 waliopimwa kwa mikanda ya saizi tofauti. Mtu ambaye mkono wake unahitaji mkanda mkubwa, akifungwa ule wa kawaida, namba ya juu ilizidi kwa karibu 5. Anayehitaji ule mkubwa kabisa akifungwa wa kawaida, ilizidi kwa 19.5. Nilipoisoma mara ya kwanza nilidhani ni kosa la uchapaji. Na mwembamba anayehitaji mkanda mdogo anapata kinyume chake: mkanda wa kawaida ulimpunguzia 3.6, akaonekana mzima kuliko alivyo.

Maduka mengi ya dawa ninayoyajua hapa jijini yana mkanda mmoja, ule uliokuja na boksi. Langu lilikuwa hivyo mpaka mwaka huu. Unaingia mkono wa binti wa chuo, unaingia wa mama lishe aliyejaa, unaingia wa mzee aliyekonda, na wote wanaandikiwa namba kwenye daftari kana kwamba wamepimwa kwa rula moja. Mkanda wenyewe huwa na alama ya mwanzo na mwisho iliyochapwa upande wa ndani. Ukiufunga na ncha yake ikapita nje ya alama hizo, basi si saizi yako. Mwambie mpimaji, hata akikunja uso.

Kwa nini nakazania pointi tano, sita? Kwa sababu mstari wa kuitwa mgonjwa kituoni ni 140 kwa 90, na watu wengi wamejazana jirani na mstari huo. Mwenye 135 ya kweli akining'iniza mkono anavuka. Anaweza kuanzishiwa dawa asiyoihitaji, au aliye kwenye dawa akaongezewa nyingine kwa ajili ya presha iliyotengenezwa na meza kukosekana. Upande wa pili usipuuzwe pia, kwa sababu hapa kwetu presha isiyojulikana imeua wengi kuliko iliyokosewa kupimwa. Watafiti waliohesabu wagonjwa wa kiharusi Dar es Salaam na wilaya ya Hai kati ya 2003 na 2006 walikuta Dar, baada ya kusawazisha umri, wagonjwa wapya karibu 316 kwa mwaka kwa kila watu 100,000. Hai walikuwa 109. Jiji hili lilikuwa na karibu mara tatu. Kwa hiyo simwambii mtu asipime barabarani. Apime, kisha namba hiyo aichukue kama hodi tu, mwenye nyumba bado hajaonekana.

Wa kumwonyesha mwenye nyumba ni vipimo vingi vya siku nyingi. Hispania walifuatilia watu 59,124 waliopimwa zahanati na pia wakavalishwa mashine inayojipima yenyewe saa 24, usiku na mchana. Majibu ya mwaka 2023 yalionyesha presha ya saa 24, hasa ya usiku mtu akiwa amelala, inabashiri kifo vizuri zaidi kuliko ile ya mbele ya daktari. Wapo ambao inapanda wakiona koti jeupe tu, nyumbani ni salama. Wapo waliojificha, kwa daktari safi, nyumbani juu, na hao hatari yao ya kufa ililingana na ya wale ambao presha iko juu kote kuwili.

Mashine hiyo ya saa 24 nayo huwezi kuikuta kila zahanati. Mbadala wake ni mashine ya kawaida nyumbani kwa siku saba: asubuhi kabla ya dawa na jioni, kila mara vipimo viwili vinavyopishana dakika moja. Kaa kitako dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu haijapishana, mkojo umetolewa, na hakuna kuongea. (Hili la kutoongea ni gumu kuliko yote kwa ukoo wetu.) Siku ya kwanza unaitupa, zilizobaki unatafuta wastani. Nyumbani mstari ni 135 kwa 85, si 140 kwa 90, kwa sababu kwako umetulia.

Daktari wa mama mdogo alimwambia afanye hivyo. Nikampelekea mashine yenye mkanda unaomtosha, na mjukuu wake wa darasa la sita akawa karani. Wastani ukatoka 146 kwa 89. Kwa hiyo ile 168 haikuwa yake, ila presha anayo, na amlodipini ya miligramu 5 anayomeza mwaka wa pili huu ilikuwa haitoshi. Daktari akaiacha ilivyo, akamwongezea losartani.

Hapo vikao vya simu vikaanza upya. Swali la kwanza lilikuwa la saa. Jirani yake alimwambia dawa za presha ni za usiku, ukimeza asubuhi unapoteza hela.

Jirani hakulitoa hewani. Mwaka 2019 Wahispania walichapisha utafiti wa watu 19,084 uliodai kwamba wanaomeza dawa wakati wa kulala walipata mashambulizi ya moyo, kiharusi na mengine ya namna hiyo pungufu kwa 45 kwa mia kuliko waliomeza asubuhi. Habari ikaenea kama moto wa makuti, ikafika mpaka kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaani kwetu. Madaktari wengi waliitilia shaka. Kubadilisha saa tu, dawa ileile, ukaokoa karibu nusu ya watu? Hata kuanza dawa yenyewe kwa mtu asiyemeza kitu hakuleti faida ya ukubwa huo.

Basi wengine wakarudia. Uingereza waliwagawa watu 21,104 kwa bahati nasibu, nusu asubuhi, nusu jioni, wakawafuatilia kwa zaidi ya miaka mitano. Majibu yakatoka 2022: waliopata shambulio la moyo, kiharusi au kufa kwa magonjwa hayo walikuwa 3.4 kwa mia kwa wa jioni na 3.7 kwa wa asubuhi, tofauti ambayo bahati tu inaweza kuileta. Kanada wakafanya na wagonjwa 3,357 wa madaktari wa kawaida wa mtaani, majibu yakatoka 2025, na wao hawakuona tofauti. Kwangu mimi kesi imefungwa. Meza saa ambayo hutasahau. Mama mdogo hasahau chai, kwa hiyo ni chai. Tahadhari yangu ni kwa wanaomeza dawa ya kukojoza: ukiimeza usiku utaamka mara tatu, na kwa mzee choo kikiwa uani, kuanguka gizani ni hatari kuliko hiyo presha.

Swali la pili ndilo lenye uzito, na lina machozi ndani yake. "Nimeongezewa dawa ya pili. Si ndiyo naelekea kubaya?" Watu wanahesabu vidonge kama hatua za kwenda makaburini. Wengi wangependa daktari aongeze nguvu ya kile kimoja kuliko kuleta kingine, na zamani hata madaktari wengi walifanya hivyo: 5 ikishindwa, nenda 10.

Hesabu inapinga. Mwaka 2009 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 42 yenye watu karibu 11,000, na ukakuta kuongeza dawa ya kundi tofauti kunashusha presha takriban mara tano zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya dawa ileile. Ni kwa sababu kazi kubwa ya dawa ya presha hufanywa na nusu ya kwanza ya dozi. Nusu ya pili inaongeza kidogo kwenye presha na inaongeza sana kwenye maudhi. Kwa amlodipini maudhi hayo mnayajua, ni ile miguu kuvimba mpaka ndala inabana. Anayekuja dukani na miguu hiyo mara nyingi yuko kwenye 10.

Halafu mwili una njia zaidi ya moja ya kupandisha presha. Amlodipini inalegeza misuli ya kuta za mishipa. Losartani na jamaa zake zinazuia homoni inayobana mishipa na kuhifadhi chumvi. Dawa za kukojoza zinatoa chumvi na maji. Ukiziba tundu moja kwa nguvu zote, panya anapita lingine. Ukiziba mawili kwa nguvu ya kadiri, anahangaika.

Ipi ichanganywe na ipi? Hapa kwa muda mrefu Mwafrika alikuwa anaazimwa majibu ya watu wengine, hasa ya Wamarekani weusi. Mwaka 2019 tukapata ya kwetu. Utafiti uliofanyika Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kamerun na Afrika Kusini uliwagawa wagonjwa 728 weusi katika makundi matatu: amlodipini na dawa ya kukojoza, amlodipini na perindoprili, au perindoprili na dawa ya kukojoza. Baada ya miezi sita, makundi mawili yenye amlodipini yalikuwa yameshuka kuliko la tatu kwa kama pointi 3 kwenye kipimo cha saa 24, na yenyewe kwa yenyewe hayakupishana. Tanzania haikuwemo, lakini mgonjwa wa Kampala si mgeni sana kwa mgonjwa wa Temeke. Losartani si perindoprili, ila zote zinagonga mfumo uleule wa homoni, na losartani haina kile kikohozi kikavu kinachowafanya watu waache dawa kimyakimya. Kwa hiyo karatasi ya mama mdogo iko palepale utafiti ulipoelekeza. (Mabinti na kina mama wanaotarajia kushika mimba, losartani na perindoprili si zenu. Zinadhuru mtoto tumboni. Semeni mapema kabla ya kuandikiwa.)

Nigeria wamekwenda mbali zaidi. Abuja, watu 300 wenye presha isiyodhibitiwa waligawanywa: wengine wakafuata utaratibu wa kawaida unaoanza na amlodipini na kupanda ngazi, wengine wakapewa kidonge kimoja chenye dawa tatu za dozi ndogo, telmisartani, amlodipini na indapamaidi. Majibu yalitoka 2024. Baada ya mwezi mmoja, waliokuwa chini ya 140 kwa 90 walikuwa 81 kwa mia upande wa kidonge cha tatu kwa moja, na 55 kwa mia upande wa kawaida. Kufikia mwezi wa sita wa kawaida walijikongoja wakafika 72 dhidi ya 82. Mimi naangalia ule mwezi wa kwanza. Anayefanya kazi za kutwa hana nauli ya kupanda ngazi na daktari miezi sita. Akikuta mwezi wa kwanza namba haijashuka, anahamia kwenye mizizi.

Na kuna neno moja linalotuangusha kaunta: dozi. Tumelizoea kwenye malaria, siku tatu umemaliza, umepona. Mteja anarudi baada ya miezi minane, presha imefika 190, namuuliza dawa vipi, ananijibu kwa fahari kabisa, "Dozi nilimaliza." Hajadanganya. Tulimwambia dozi, akaimaliza. Siku hizi nasema "hii ni kama kula, ya kila siku", na bado nusu wananitazama kama nimewatukana.

Swali la tatu lilikuwa la ile aspirini ndogo, ambayo mama mdogo hununua mwenyewe "kulainisha damu". Amefikisha 71, hajawahi kupata kiharusi wala shambulio la moyo. Utafiti wa mwaka 2018 wa Australia na Marekani, wenye watu 19,114, wengi wao wa miaka 70 kwenda juu na wasio na ugonjwa wa moyo, haukukuta ikiwakinga, ila uliwaongezea kuvuja damu kukubwa: 3.8 kwa mia dhidi ya 2.8. Nikamshauri akamuulize daktari kuiacha, na daktari akaifuta. Aliyekwisha kupata shambulio la moyo au kiharusi cha mshipa kuziba ni habari nyingine. Huyo asiiguse bila kuambiwa.

Tukabaki na chumvi. Uchina, vijiji 600, watu karibu 21,000 waliowahi kupata kiharusi au wenye miaka 60 na zaidi na presha. Nusu ya vijiji vikaendelea na chumvi ya kawaida, nusu vikapewa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu. Baada ya karibu miaka mitano, viharusi vilikuwa pungufu kwa 14 kwa mia na vifo pungufu kwa 12 kwa mia. Majibu hayo ya 2021 yananivutia kwa sababu ya jiko. Kijijini Uchina chumvi inaingia kwa mkono wa mpishi, kama kwetu, si kwa chakula cha kopo kama Ulaya. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo unaopendekeza chumvi ya namna hiyo nyumbani, isipokuwa kwa watoto, wajawazito na wenye matatizo ya figo.

Mama mdogo alitaka nimtafutie hata leo. Nikamkatalia. Losartani inabakiza potasiamu mwilini, na ukiongeza nyingine kwenye mchuzi bila kujua figo zinafanya kazi vipi, moyo unaweza kwenda mrama. Apimwe figo kwanza, daktari aseme. Kwa sasa alichonacho ni kupunguza ile ya kawaida. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukijumlisha mchuzi, kachumbari na ile ya kunyunyiza kwenye chipsi.

Nilipita kwake Jumapili kuchukua mashine yangu. Mezani hapakuwa na kopo la chumvi. Amelipandisha juu ya kabati la vyombo. Baba mdogo alikuwa amesimama juu ya stuli, mkono mmoja kashikilia ukuta, mwingine unapapasa.